Nyumba kwanza, barua ya kazi baadaye: barua ya wazi kuhusu wahudumu wa afya Lamu Mashariki

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu. Kwa wakuu wa idara ya afya na Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti. Kwa waheshimiwa wawakilishi wadi. Na kwa Wizara ya Afya, Nairobi.

Asalamu aleikum. Natumai barua hii itawakuta salama.

Mimi ni mkaazi wa Lamu Mashariki na ni mwanakamati wa zahanati ya serikali kijijini kwetu. Kamati kama hii ndiyo inayompokea muuguzi mpya anaposhuka kwenye boti na begi lake, ikamtafutia godoro na mtu wa kumwonyesha kisima. Ndiyo pia inayomsindikiza gatini anapoondoka. Kazi hiyo ya pili tumeifanya mara nyingi kupita kiasi, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Kila tunapolalamika kwamba zahanati haina mtu, jibu linalorudi ni kwamba kaunti itaajiri. Sina shaka na nia hiyo. Nafasi hutangazwa, watu huhojiwa, barua hutolewa. Lakini shida yetu kubwa si kukosa wanaokuja. Wanakuja, hawakai. Mwaka haujaisha, aliyeletwa ameshaomba uhamisho, au ameacha kazi akaenda Mombasa kwenye hospitali ya kibinafsi. Sisi tunabaki kungoja tangazo jingine na mahojiano mengine, na godoro lile lile tunalitoa tena kulianika juani.

Ninachowaomba ni mgeuze mpango. Kabla ya kumwandikia mtu barua ya kazi, tengenezeni mahali ambapo mtu mzima mwenye familia anaweza kuishi. Na mkishamwandikia, msimlete peke yake.

Wengi wenu mmezitembelea zahanati hizi mchana, siku ya kukata utepe. Hebu niwaeleze zilivyo siku nyingine. Muuguzi hana nyumba, kwa hivyo analala katika chumba kilichojengwa ili mama aliyejifungua apumzike. Jiko lake la gesi liko sakafuni, kando ya maboksi ya glavu. Pazia la kanga limegawa chumba mara mbili: upande huu kitanda chake, upande ule dripu na dawa za ziada. Kitanda cha kuzalia kiko nyuma ya ukuta. Mtu akibisha saa nane za usiku hana haja ya kumfuata muuguzi nyumbani, maana nyumbani kwake ni hapo hapo. Basi hana saa ya kutoka kazini. Akilala yuko zamu, akila yuko zamu. Maji anayotumia ni ya jabia, yaani birika la kukusanyia maji ya mvua, kama yetu sote, na jabia likikauka kabla ya masika hununua kwa mtungi kutoka kwa mwenye punda, kwa pesa zake, na mengine ya maji hayo huishia kuoshea kitanda cha wazazi.

Mtu anaweza kustahimili chumba kibovu. Kinachowashinda wengi ni upweke wa kazi. Asubuhi moja muuguzi huyo huyo hupima wajawazito, huchanja watoto, hushona mguu wa mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki taa, hutoa dawa, kisha huinama kujaza rejista moja baada ya nyingine. Mwanzo wa mwezi ripoti lazima zifike. Chanjo lazima zifuatwe. Mshahara ukiingia pungufu, lazima aende mwenyewe Mokowe, makao makuu ya kaunti, kuuliza. Kila safari ni boti, na kila anapopanda boti mlango wa zahanati unatiwa kufuli. Kwenye vitabu vya kaunti zahanati hiyo ina mtumishi. Mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa, aliyetembea kutoka kijiji cha pili, anakuta kufuli.

Nitawapa mfano mmoja tu, wa zahanati ya kisiwani ambayo sitaitaja. Ulikuwa msimu wa kusi. Mama alijifungua salama, kisha damu ikakataa kusimama. Mliosomea mambo haya mnajua kwamba damu ya baada ya kuzaa inaweza kumuua mama ndani ya saa 2. Muuguzi alimdunga oksitosini, dawa ya kuzuia damu hiyo, akamtia dripu, akawa anakanda tumbo ili mji wa mimba ujikaze, lakini mama alihitaji damu na chumba cha upasuaji, na vyote viwili viko ng'ambo. Boti ikapatikana kwa kumwamsha mwenyewe na kumchangia mafuta. Maji yalikuwa yamekupwa, tena ni bamvua, kwa hivyo boti ilisimama mbali. Wanaume walimbeba mama kwenye kitanda cha kamba, matope yakiwafika magotini, na muuguzi akitembea kando yao, mkono mmoja ameinua chupa ya dripu, mkono mwingine hautoki tumboni kwa mama. Mama alipona, alhamdulillahi. Lakini bahari ilichafuka na muuguzi akakwama Amu, yaani mji wa Lamu, na siku zote hizo zahanati ilikuwa na kufuli. Hakuna aliyeangalia friji. Oksitosini inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, chanjo pia. Friji ikizima na hakuna mtu, dawa ya mama atakayefuata inaharibika kabla hajaumwa uchungu. Muuguzi yule aliomba uhamisho muda si mrefu baadaye. Hatukumlaumu. Aliokoa mtu kwa mikono yake na hakuna aliyempokea zamu aliporudi.

Sensa ya 2019 iliipa Kenya vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Watu husema sababu ni umbali, nami nakubali, lakini umbali hauui wenyewe. Unaua pale ambapo aliye mwisho wa njia ni mtu mmoja aliyechoka, au hakuna mtu kabisa.

Siwezi kuandika juu ya Lamu nikaruka usalama. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Baada ya hapo, na mashambulizi mengine yaliyofuata kwenye barabara na vijiji, watumishi wengi kutoka bara waliogopa kubaki, na nani angewaambia wasiogope? Zahanati za vijiji vya Waboni katika wadi ya Basuba zilikaa zimefungwa kwa miaka. Waboni ni watu wachache, na msitu wao ulikuwa uwanja wa operesheni ya kijeshi tangu 2015. Kwao kufungwa kwa zahanati kulimaanisha kutembea msituni na mgonjwa begani. Muuguzi akipelekwa huko apelekwe kwa mpango uliokubaliwa na vyombo vya usalama, awe na mawasiliano ya uhakika, na ajue nani atamtoa mambo yakiharibika. Anayempeleka bila hayo, kisha akashangaa ameondoka, hakumtendea haki.

Nawashukuru wanaojitolea. Safari Doctors, walioanzishwa na Bi. Umra Omar, wamekuwa wakisafiri kwa mashua na boti na wahudumu hadi vijiji ambavyo wengine hawavifikii, na kuna watoto wamechanjwa kwa sababu yao. Lakini tiba inayokuja kwa safari inarudi kwa safari. Uchungu wa kuzaa haungoji boti ya mwezi ujao. Hiyo ni kazi ya serikali, na Katiba imeiandika: Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Ibara ya 56 inaitaka serikali iweke mipango maalumu ili jamii zilizotengwa zipate huduma za afya kwa kiwango cha kuridhisha. Mtu wa Kiunga na mtu wa Kiangwe wametajwa humo hata kama majina ya vijiji vyao hayamo.

Sasa nizungumze na Nairobi. Kabla ya 2013 Wizara ndiyo iliyokuwa ikiwapanga wauguzi nchi nzima. Mtu alijua kwamba leo yuko Faza, baada ya muda anaweza kuwa Nyeri au Kilifi. Ugatuzi ulileta mema mengi, siutaki urudi nyuma. Lakini ulifunga mlango mmoja: aliyeajiriwa na kaunti moja ni shida kuhamia kaunti nyingine, mpaka kaunti zote mbili zikubaliane, na mara nyingi hazikubaliani. Kijana wa Kakamega au Machakos anayefikiria kuja Lamu anaona anaingia mahali pasipo na mlango wa kutokea. Anaamua asije, au anakuja huku ameshaanza kutafuta kwingine. Wizara na Baraza la Magavana mnaweza kukaa mkaandika makubaliano: anayetumikia kituo cha mazingira magumu kwa muda uliotajwa, tuseme miaka 3, apewe nafasi ya kwanza ya uhamisho, ya masomo na ya kupandishwa cheo. Mtu akiijua siku ya kutoka, anaweza kutulia mpaka siku hiyo. Wengine, wakishatulia, huoa hapa au huolewa, wakabaki. Tumewaona.

Na mikataba. Wahudumu waliochukuliwa mwaka wa 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote (UHC) walipewa mikataba ya miaka 3, bila uhakika wa ajira ya kudumu, ikawabidi waandamane kuitafuta. Huwezi kumtuma mtu kisiwani ukamwambia hujui kama atakuwa na kazi mwaka ujao. Mwaka wa 2017 wauguzi waligoma kuanzia Juni hadi Novemba, na madaktari walikuwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100. Madai yao mengi yalikuwa ya haki. Lakini mgomo haulemei watu sawasawa: Mombasa mwenye pesa huenda hospitali ya kibinafsi, Kizingitini ataenda wapi? Kila ahadi ya mishahara inayovunjwa Nairobi au makao makuu ya kaunti hulipwa na mama wa kijijini. Halafu Julai 2021 nchi yetu ikatia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi huko, kwa sababu tuna wengi waliohitimu wasio na ajira. Wauguzi tunao. Nafasi wazi tunazo. Haiingii akilini kwamba njia ya kumfikisha muuguzi wetu London ilitengenezwa kabla ya njia ya kumweka Ndau.

Najua mtajibu kuhusu pesa, na jibu hilo nimelisikia barazani mara nyingi. Mtasema kanuni za fedha za kaunti za mwaka wa 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ni kweli. Lakini nyumba ya muuguzi si mshahara. Jabia si mshahara. Boti si mshahara, wala sola ya friji. Sheria ya usimamizi wa fedha ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na nyumba ya watumishi ni maendeleo kama lilivyo jengo la zahanati. Tumezoea kujenga majengo kwa sababu yanaonekana na yana utepe wa kukatwa. Nawasihi msijenge zahanati mpya hata moja Lamu Mashariki kabla zilizopo hazijapata nyumba mbili mbili za watumishi. Mwakilishi wadi atakayesimama na kusema hivyo kwa watu wake atapoteza shangwe ya siku moja, lakini mimi nitamtetea kila baraza nitakalofika.

Kuna pia Hazina ya Usawazishaji. Ibara ya 204 ya Katiba iliitengea asilimia 0.5 ya mapato ya taifa ili kupeleka maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, na Lamu ilikuwa katika kaunti 14 za kwanza zilizotajwa. Ibara hiyo hiyo imeipa muda wa miaka 20 tangu Katiba ianze kutumika Agosti 2010. Muda huo unaisha 2030, Bunge lisipouongeza. Ombeni sehemu yetu sasa, na iombwe kwa nyumba za wahudumu, majabia na boti za wagonjwa.

Kwa boti nina neno la ziada. Ambulensi ya baharini isiyo na mafuta na nahodha wa usiku ni chombo cha kupigia picha. Lamu Mashariki inahitaji boti iliyo tayari usiku na mchana upande wa Faza na nyingine upande wa Kiunga, zenye nahodha wa mshahara anayejua mikondo na maji kupwa na kujaa, na muuguzi wa rufaa anayepanda na mgonjwa. Muuguzi wa zahanati amkabidhi mgonjwa gatini, arudi kwenye kituo chake. Jambo hilo moja lingeondoa nusu ya kufuli ninazozizungumzia.

Kisha watoto wetu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2010, uliofanyiwa marekebisho 2021, unasema wazi kwamba wanafunzi wanaotoka vijijini ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi vijijini, na kwamba pesa peke yake hazimweki mtu. Panahitajika pia nyumba, usalama, na njia ya kupanda kikazi. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ina kampasi hapa Lamu. Stashahada ya uuguzi inataka wastani wa C katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili. Wapo mabinti wa Siyu, Tchundwa na Mkokoni wanaoipata C hiyo, kisha wanakaa nyumbani kwa sababu ya karo. Kaunti iwalipie yote, si kipande cha basari kinachoisha muhula wa kwanza, nao watie saini kurudi kutumikia Lamu Mashariki kwa miaka inayolingana na masomo yao. Kwa wale ambao alama hazikutosha, masomo ya sayansi katika shule zetu za upili yaangaliwe, maana upungufu wa wauguzi huanza kwenye darasa la bayolojia lisilo na mwalimu.

Sisemi tuajiri wenyeji peke yao. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Baadhi ya waliotuhudumia vizuri kabisa walikuja hawajui hata kuogelea, wakajifunza kula samaki wa kupaka na kuamkia shikamoo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwetu wamepona watu kweli kweli. Tukiwa na binti wa kijiji na mgeni kutoka bara kwenye zahanati moja, mmoja anajua nyumba za watu na mwingine hana jamaa wa kupendelea kwenye foleni. Ndiyo maana nasisitiza wawili wawili. Mmoja akisindikiza rufaa, mwingine yupo. Mmoja akienda likizo ya uzazi, mlango uko wazi. Na kama hamna wa kuwatosha wawili kila kituo mwaka huu, anzeni na vile vilivyo mbali zaidi na Amu, wala msianze na vilivyo karibu na barabara.

Sisi wa vijijini hatukai mikono mitupu. Viwanja vya nyumba za watumishi tunaweza kuvitoa, na kamati zetu ziko tayari kuandikiana na kaunti ili pasije kuzuka mzozo wa ardhi baadaye. Mawe na mchanga vijana watabeba. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale mliowapa sare na mikoba mwaka wa 2023, wapo kila mtaa. Walipeni zile shilingi 5,000 kwa wakati, upande wa kaunti na upande wa taifa, nao watampunguzia muuguzi kazi nyingi za kuzunguka.

Makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kabla ya siku hiyo tunaomba idara ya afya ibandike kwenye ofisi ya kila wadi orodha ya zahanati zote za Lamu Mashariki: ina watumishi wangapi, wanalala wapi, wanapata maji wapi, na ilifungwa siku ngapi mwaka uliopita kwa kukosa mtu. Orodha hiyo ikiwa na makosa, kamati tutaisahihisha. Kisha tunaomba kila mwakilishi wadi atuonyeshe, kwa jina la kijiji na kwa shilingi, ni nyumba ipi ya wahudumu wa afya itakayojengwa katika mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Vikao vya maoni ya wananchi vifanyike Faza na Kiunga pia, si Amu na Mokowe peke yake, na viitishwe maji yakiwa yamejaa ili watu wa Ndau na Kiwayu waweze kufika na kurudi.

Wenu katika ujenzi wa kaunti,

Mwanakamati wa zahanati, Lamu Mashariki